Saa Thelathini na Sita za Ngamiani

Mtaala mpya ulipoletwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu meza za studio. Sijui kwa nini nilianza na meza. Zilikuwa ishirini na nne. Nikazirudia kuanzia upande wa dirishani, zikawa ishirini na nne tena. Miaka ya nyuma wanafunzi wa usanifu majengo walikaa kwenye meza hizo tangu asubuhi mpaka alasiri, na wengine mpaka mlinzi aje na funguo kuwafukuza. Walikula pale, waligombana pale, walikoroga chai kwa rula. Mwalimu wa fani hii hasimami mbele ya ubao akasema yake akaondoka. Anazunguka meza kwa meza, anavuta kiti, anasema "hebu futa hapa, uchore tena". Ni kazi ya kukaa na watu.

Mtaala mpya ulisema kila somo lihesabiwe kwa saa, na saa ziwe za aina mbili: za ana kwa ana na za kujisomea. Studio ikaingizwa kwenye ratiba kama darasa jingine lolote, saa mbili Jumanne na saa mbili Alhamisi, kisha chumba wanapewa watu wa uhasibu. Sikatai, yapo mazuri yaliyokuja na mageuzi hayo. Zamani mwanafunzi aliweza kufeli kwa sababu tu mwalimu hakuipenda sura ya paa lake. Siku hizi ipo fomu ya kusahihishia, ina vigezo, na mwanafunzi anadai alama zake kama mtu anayedai zamu yake bombani. Hiyo ni haki. Lakini chumba kilinyamaza. Mwenzangu tuliyekuwa tukichangia ofisi akahamia Dodoma, kiti chake kikachukuliwa wiki ileile, nikabaki na feni, nayo kila ikizunguka inalalamika.

Somo moja lilikuwa langu hasa: kupima nyumba. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa pili walikwenda Ngamiani, mtaa wa zamani hapa Tanga, kupima nyumba moja ya Kiswahili kwa tepu na penseli, kuanzia baraza mpaka ua, kila ukuta na kila mlango, wakairudisha yote kwenye karatasi. Nimelifundisha miaka kumi na moja. Nilipoifungua rasimu na kulitafuta, nilikuta mstari mmoja tu: somo hilo litaondolewa, nafasi yake ichukuliwe na uundaji wa nyumba kwa kompyuta, kwa kuwa upimaji wa mkono unakula saa nyingi. Niliitwa kwenye kamati ya mitaala kulitetea. Nikishindwa, basi, limekwisha. Na kusema kweli sikuwa na jambo jingine lililonitoa kwa moyo mkunjufu kwenye vyumba vyangu viwili pale Mabawa.

Mama yangu aliuza kanga Ngamiani, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Nilijifunza mapema kwamba hutaji unachokitaka. Unataja mara mbili yake, halafu unajifanya unaumia kupunguza. Nilitaka saa arobaini za kuwa na wanafunzi. Nikaomba themanini.

"Themanini!" Mwenyekiti akavua miwani. "Mwalimu, hata udaktari sidhani kama wanapata themanini kwa somo moja."

"Mgonjwa analetwa hospitali, mwenyekiti. Nyumba haiji chuoni."

Wakacheka. Nikajua bado tupo sokoni, kwa sababu anayecheka hajaondoka.

"Ishirini na nne," akasema.

"Ishirini na nne tutapima choo, turudi."

"Thelathini, mwalimu. Na hapo nimekuonea huruma."

"Kwa thelathini tutaishia ujiani. Tuwaachie watu nyumba nusu?"

Tulifika thelathini na sita. Nilipotaka kuongeza nne za mwisho, mama mmoja wa idara ya mipango, aliyekuwa na kompyuta mbele yake, akaingia kati. "Kwani tatizo liko wapi? Somo lina saa mia moja. Thelathini na sita uko nao, sitini na nne wanajisomea. Jumla haijapungua hata moja."

"Hizo sitini na nne wanajisomea nini, dada yangu? Nyumba ya mtu hiyo."

"Watakwenda wenyewe. Ni watu wazima. Si ndiyo tunataka wajitegemee?"

Hapo ndipo nilipopaswa kung'ang'ania. Lakini nilikuwa nimeshika thelathini na sita zangu mkononi, naogopa zisije zikanyang'anywa, nikasema ahsante. Wakaweka sharti: ni majaribio ya muhula mmoja. Mwishoni niandike taarifa, na kama kuna tatizo lolote, somo la kompyuta linaingia.

Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeokota kitu. Nikampigia mwenzangu wa Dodoma nimsimulie nilivyowabana. Akasema yuko kikaoni, atanipigia. Nikaenda mgahawani, nikanywa chai na chapati mbili, nikajisimulia mwenyewe. Sehemu ya choo ilinichekesha tena.

Nyumba ya mwaka huo ilikuwa ya bibi mmoja mjane, kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Vyumba sita, vitatu kila upande, ujia katikati, na nyuma ua wenye jiko, kisima kilichofunikwa na kamba za kuanikia. Baraza ya mbele ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa. Bibi aliishi na wajukuu zake wa kike, na mmoja wao alikuwa mjamzito. Tulikubaliana kama nilivyokubaliana na kila nyumba kwa miaka kumi na moja: wavulana watapima baraza, vyumba vya mbele na ujia, ua watapima wasichana, nami, mwanamke mwenzao, nikiwa nao.

Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, wavulana kumi na mmoja, wasichana wanane. Bibi alitaka kuamkiwa na kila mmoja, naye akamjibu kila mmoja kwa zamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu wapi?"

"Mbeya, bibi."

"Yakhe! Mbali huko. Baridi haiwaui?"

Kisha wa pili, kisha wa tatu. Ndipo nilipogundua kosa langu la hesabu. Thelathini na sita ni safari kumi na nane za saa mbili. Kila safari, nusu saa inakwenda njiani na dakika ishirini zinakwenda kwenye shikamoo. Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari: zinabaki saa ishirini na moja za kupima. Nikapiga tena. Ishirini na moja. Mimi mtoto wa muuza kanga niliingia sokoni nikasahau kutoa salamu kwenye hesabu.

Hata hivyo zilikuwa saa nzuri. Nakiri kwamba wiki zile tisa ndizo nilizozungumza kuliko mwaka mzima. Nilikaa uani na wasichana, tunashika tepu huku na huku, bibi anakuna nazi na kutukosoa. "Kila siku mnapima, mnapima. Kwani hiyo nyumba inakua?" Akiona tumechoka anatuletea vitumbua, anasema tule haraka maana ukuta hautoroki. Nikirudi Mabawa jioni nilikuwa bado na sauti zao masikioni, na nilichelewa makusudi kuwasha redio.

Wiki ya tisa saa zangu zikaisha. Mbele tulikuwa tumemaliza. Ua ulibaki zaidi ya nusu. Kuanzia wiki ya kumi, Jumanne na Alhamisi mchana nilikuwa nimepangiwa darasa jingine, la mwaka wa kwanza, watu tisini ukumbini. Nikasimama studio, nikawaambia wanafunzi kwamba ua utamaliziwa kwa saa za kujisomea, kikundi cha wasichana, na tarehe ya kukusanya ni wiki ya kumi na nne. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema kitu kilichoandikwa.

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwahi kulieleza darasani. Nyumba ya Ngamiani mlango wake wa mbele unaachwa wazi mchana kutwa kwa ajili ya upepo. Hauachwi wazi kwa ajili yako. Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja. Pakiwa kimya, kimya hicho ndicho jibu, unaondoka. Mwanamume hata akiitikiwa anakaa barazani mpaka aambiwe vinginevyo. Mtoto wa hapa anayajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi kwa miaka kumi na moja nilipiga hodi kwa niaba ya wote, wao wakaingia nyuma yangu. Katika muhtasari wa somo niliandika mambo saba ambayo mwanafunzi atayaweza mwisho wa muhula. Nimeyahesabu baadaye zaidi ya mara mbili. Hodi haimo.

Wiki ya kumi na moja wasichana wawili walikwenda, wakakuta mjukuu wa bibi amejifungua siku ileile. Wakarudi kimyakimya. Walijua kwamba ua sasa si mahali pa tepu, na hawakuwaambia wavulana kwa kuwa habari ya uzazi si ya kutangaza. Hawakuniambia mimi pia, maana hawakuniona. Nilikuwa ukumbini na wale tisini.

Wiki ya kumi na tatu, wavulana wawili wakaona tarehe inakaribia na ua haujaguswa. Mmoja ni yule wa Mbeya, mwingine wa Kagera. Ndio waliokuwa hodari kuliko wote, na walitaka kuwasaidia wenzao. Wakaenda Alhamisi, saa saba na nusu mchana. Wakapiga hodi mara tatu. Kimya. Mlango wazi. Huko kwao, walinieleza baadaye, mtu uliyeshinda kwake wiki tisa ukisimama mlangoni kama mgeni unamtukana. Basi wakaingia kwa heshima zote, wanapita ujiani huku wanaendelea kupiga hodi, tepu mkononi, wakatokeza uani.

Mzazi alikuwa anakandwa. Siku ya kumi na nne ya arobaini yake, kanga moja kiunoni, wanawake wawili na sufuria za maji ya moto.

Wa Kagera aligeukia ukuta. Wa Mbeya, kwa bumbuwazi, akasema, "Shikamooni." Kisha wakatimua mbio, tepu ikabaki imetanda pale chini.

Walikuja ofisini kwangu jioni ile wakiwa wamesimama bega kwa bega.

"Madam, tumekosea."

"Mmekosea nini?"

"Hatujui, madam. Tumekosea sana lakini."

Nilipowasikiliza mpaka mwisho, sikuweza kuwagombeza. Nilitafuta pa kuanzia, kila nilipopashika palikuwa pangu.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nikaenda peke yangu. Bibi alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" na akaishia hapo. Lile "mwanangu" halikuja. Tepu yangu ilikuwa imeviringishwa vizuri, imewekwa kando yake juu ya jamvi. Nikakaa ukingoni mwa baraza, mahali wanapokaa wauza samaki.

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Wale vijana hawakukusudia."

"Wale sina ugomvi nao," akasema. "Watoto wa watu, wametoka makwao huko bara, watajuaje? Nakuuliza wewe. Wewe wa hapahapa, mama yako alikuwa na meza pale sokoni, mimi nimevaa kanga zake. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa darasani, bibi. Saa zangu za huku zilikuwa zimekwisha."

"Zimekwisha, zimekwenda wapi?"

"Zinapangwa na chuo. Nilipewa thelathini na sita."

"Kakupa nani?"

"Kamati."

"Hiyo kamati imeshawahi kufika hapa?"

"Haijafika."

"Sasa walikuwa wanagawa nini?"

Nilianza kumweleza saa za ana kwa ana na saa za kujisomea. Nilisikia maneno yanavyotoka kinywani mwangu pale barazani, nikayaacha katikati. Mpita njia mmoja akatusalimu, tukamwitikia wote wawili kwa furaha, kisha bibi akanigeuzia uso wake uleule.

"Mkitaka kumaliza, mtamaliza," bibi akasema mwishowe. "Waje wasichana tu. Uje nao wewe, uingie nao, utoke nao. Na iwe baada ya arobaini."

"Arobaini bado siku ngapi, bibi?"

"Ishirini na tano."

"Chuo kinafunga baada ya wiki mbili."

"Na kifunge."

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka, ule mkono wa kusema labda ishirini, labda asubuhi tu, labda kona ile ya jiko. Nikaushusha. Nikachukua tepu yangu, nikaaga.

Ilibaki taarifa ya kamati. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na swali la kumi na moja liliuliza: je, saa za kujisomea zilitosha, na zilitumika bila matatizo? Chini kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Ningeweka alama kwenye ndiyo, somo lingebaki. Kamati haiendi Ngamiani. Bibi haandiki barua. Wale wavulana wawili wangekufa kabla ya kusimulia. Mama yangu alipokuwa na kanga yenye doa alikunja doa ndani, na mteja asipokunjua ni shauri yake.

Nilikaa na fomu hiyo siku tatu. Niliiweka mezani Mabawa, nikala mbele yake, nikaisogeza ili nipange vyombo, nikairudisha. Niliwafikiria wanafunzi wa mwakani, kumi na tisa wengine au ishirini, na saa zao sitini na nne, wanatumwa mmojammoja kwenye milango iliyo wazi. Ningeweza kuwafundisha hodi, naam. Ningeiandika iwe jambo la nane. Lakini bibi hakuniuliza kwa nini sikuwafundisha. Aliniuliza nilikuwa wapi.

Nikaweka alama kwenye hapana. Nikajaza nafasi waliyotoa, nikaongeza ukurasa. Nikaeleza kilichotokea bila kutaja nyumba, nikasema kosa ni langu, na kwamba somo hili likibaki linahitaji mwalimu awepo kwa saa zote mia moja, pasipo kupungua. Ilikuwa mara ya kwanza kutaja kiasi ninachokitaka kweli. Nikaituma. Hakuna aliyejibu.

Arobaini ilipotimia chuo kilikuwa kimefungwa. Niliandika kwenye kundi la simu la darasa kwamba tunakwenda kumalizia ua. Wasichana wanane, sita walikuwa wamesharudi makwao. Walikuja wawili, mmoja wa Tanga mjini na mmoja aliyepanda basi asubuhi kutoka Mwera, njia ya Pangani. Nilipiga hodi, tukaitikiwa, tukaingia. Mzazi alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto wake, na aliponiona na tepu alicheka. "Mwalimu, na huyu mpime, maana ndiye anayekua." Tukampima. Kisha tukapima ua, kisima na jiko, mpaka ukuta wa nyuma, na kabla ya magharibi nyumba yote ilikuwa kwenye karatasi.

Nikamwonyesha bibi. Aliigeuza huku na huku, nikamwelekeza: hapa baraza, hapa ujia, hapa unakuna nazi.

"Mbona wenyewe hatumo?"

"Ramani hatuchori watu, bibi."

"Ahaa," akasema, akanirudishia.

Hapakuwa na pa kuikusanya. Alama zilikuwa zimeshaingizwa na mfumo umefungwa. Wasichana wale wawili hawakupata hata nusu alama kwa siku ile, na walilijua hilo kabla ya kuja. Niliwasindikiza mpaka stendi, basi la Pangani likaondoka, yule wa mjini akakata kona kwenda kwao, na mimi nikashika njia ya Mabawa na karatasi imeviringishwa kwapani.

Muhula uliofuata ratiba ilibandikwa. Nikaisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Somo la kupima halikuwepo. Barua ilikuja siku mbili baadaye, ya adabu kabisa, ikieleza kwamba uamuzi umezingatia changamoto zilizobainishwa na mwalimu mwenyewe. Jumanne, saa nane mchana, nilipangiwa chumba cha kompyuta, kusimamia kwa saa mbili.

Chumba kile kina kiyoyozi na mapazia. Wanafunzi kumi na wanane, kila mmoja na skrini yake, na vitu vya kusikilizia masikioni, kwa kuwa mafunzo yenyewe yanasemwa na kompyuta. Kazi yangu ni kuwepo kama umeme utakatika. Nilikaa kwenye kiti cha mbele nikiwatazama wanavyoinua kuta, zinasimama zenyewe, zimenyooka, za rangi ya kijivu. Saa ya kwanza ilipopita kwa dakika chache, msichana mmoja akanyoosha mkono. Nikainuka haraka kuliko ilivyohitajika.

"Madam, samahani. Ukuta wa nyumba ya Kiswahili una unene gani?"

Nikavuta kiti karibu yake. "Ukuta upi? Wa mbele, wa ujiani, au wa uani? Maana wa mbele umepakwa na kupakwa, kila ukarabati unaongeza kidogo. Wa uani ukiufuata kuanzia jikoni..."

"Wowote tu, madam," akasema kwa upole. "Inataka namba moja."

Nikamtajia namba moja. Akaiandika, akasema ahsante, akavirudisha vile vitu masikioni.

Zilikuwa zimebaki dakika hamsini na tano.